Kakake rafiki yako ameshikwa Eritrea: kabla hamjasambaza picha yake

Ndugu wa Kondele, Kisumu, swali lako nimelisoma na majibu yote ya juu nimeyapitia. Umesema rafiki yako ni Muritrea, kakake alichukuliwa na wanajeshi huko kwao na hajulikani aliko, na nyinyi vijana mnataka kuanzisha kampeni: picha yake kila mahali, alama ya reli, kisha safari ya Nairobi kuandamana mbele ya ubalozi. Wengi wamekwambia anza leo leo, dunia ijue. Mimi nakuomba usubiri kidogo. Niko Nakuru, na kwa miaka kadhaa nimejitolea na kikundi kidogo kinachowasaidia wakimbizi kuandika malalamiko kuhusu ndugu zao waliopotelea mikononi mwa serikali. Baadhi yao wametoka huko huko.

Sisi Wakenya tumezoea kelele kwa sababu mara nyingine kelele zinafanya kazi. Mtu akitekwa hapa, jioni mtandao unawaka, asubuhi wakili yuko kortini anataka aletwe akiwa hai au maiti. Si kila mara anapatikana, lakini angalau kuna mlango wa kubisha. Eritrea mlango huo hakuna. Isaias Afwerki anatawala tangu uhuru wa 1993, na uchaguzi wa kitaifa haujawahi kufanyika. Katiba iliidhinishwa 1997, haijatumika mpaka leo. Septemba 2001 vigogo 11 wa chama tawala waliodai mageuzi walikamatwa, magazeti ya watu binafsi yakafungwa, wanahabari wakafuata, na hakuna aliyefikishwa mbele ya hakimu. Mmoja wa wanahabari hao, Dawit Isaak, ana uraia wa Sweden. Sweden na mabalozi wake wote haijaweza kumtoa.

Halafu kuna Ciham Ali, binti aliyezaliwa Los Angeles. Alikamatwa Desemba 2012 akiwa na miaka 15, muda mfupi baada ya babake, waziri wa habari, kutoroka nchi. Baba katoroka, kashikwa mtoto. Serikali ile inakusanya deni kwa yeyote aliyebaki karibu. Familia zimewahi kutozwa nakfa 50,000 (nakfa ni fedha ya huko) au kutiwa ndani kwa sababu kijana wao ametoroka utumishi wa taifa, ambao kisheria ni miezi 18 ila kwa wengi hauna mwisho.

Kwa hiyo muulizeni kwanza rafiki yenu nani amebaki nyumbani. Mama yupo? Kakake ana mke? Kuna mdogo wao anayekaribia kidato cha mwisho, ambacho huko husomewa katika kambi ya kijeshi ya Sawa? Kulitaja jina hadharani ni uamuzi wa hao watu. Rafiki yenu hawezi kuwaamulia peke yake, sembuse nyinyi. Na yeye mwenyewe ana la kupoteza. Waeritrea walio nje hudaiwa asilimia 2 ya mapato yao, na asiyelipa anaweza kunyimwa huduma ubalozini. Akipigwa picha na bango mbele ya geti lile, ajue pasipoti ndiyo basi.

Kuna mwenzetu hapo juu ametoa mfano wa kina mama wa Uhuru Park mwaka 1992, waliogoma kula wakidai wana wao waliofungwa kisiasa waachiliwe. Mfano mzuri, lakini aangalie tarehe. Desemba 1991 kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kilikuwa kimefutwa, wafadhili walikuwa wamemkatia Moi misaada, na uchaguzi ulikuwa njiani. Alikuwa na cha kupoteza, na kulikuwa na magazeti ya kumwanika. Asmara, mji mkuu wa Eritrea, haina gazeti hata moja la mtu binafsi.

Basi mnyamaze? La. Andikeni. Najua haina msisimko, lakini ndiyo kazi yenyewe.

Kuna dada mmoja wa Asmara niliyekaa naye hapa Nakuru, mtaa wa Shabab, tukijaza fomu, jebena ya kahawa ikiwa jikoni. Fomu ilitaka tarehe ya kukamatwa. Alichokumbuka yeye ni siku ya pili baada ya Timket, sikukuu ya ubatizo ya Waorthodoksi wao. Mwaka ule ilikuwa Januari 19, tukaandika Januari 21 na kueleza pembeni tumeipataje. Kisha jina. Kwao hakuna jina la ukoo, mtu hubeba lake, la baba na la babu, na kila afisa akiliandika kwa herufi zetu huliandika kivyake: Tesfay, Tesfai, Tesfaye. Tukaliweka kwa herufi za Kitigrinya, na chini yake namna zote nyingine. Halafu tukafika kwenye chakula. Mama yao alikuwa akipeleka sufuria kituoni, ikapokelewa kwa muda, siku moja askari akairudisha ikiwa imejaa na kumwambia asije tena. Dada alilisema hilo kwa kupita tu. Mimi nilimrudisha hapo hapo, maana lilionyesha mtu wao alikuwa mikononi mwa kituo kipi, na lini alihamishwa.

Karatasi kama hiyo hupelekwa kwa kikundi kazi cha Umoja wa Mataifa kinachoshughulikia watu waliotoweshwa, huko Geneva. Ni bure, wakili si lazima, ila ridhaa ya familia ni lazima. Tukio likiwa chini ya miezi mitatu hupita njia ya dharura, kwa hiyo hapo msichelewe. Kuna pia Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Banjul, Gambia. Mwaka 2003 iliamua kwamba kuwafungia wale vigogo 11 kulivunja Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu, ambao Eritrea yenyewe iliuridhia 1999. Wamefunguliwa? Hapana. Lakini maandishi hubaki: tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa iliyosema mwaka 2016 kwamba huko kumetendeka uhalifu dhidi ya ubinadamu haikuruhusiwa kukanyaga nchini. Ilitegemea ushuhuda wa zaidi ya watu 800 walioko nje. Hata hapa, walioteswa Nyayo House, jengo la serikali Nairobi, enzi za Moi walianza kuzawadiwa fidia na Mahakama Kuu mwaka 2010, Moi akiwa ameshaondoka Ikulu miaka minane.

Na hao Waeritrea wana mbinu zao wasizohitaji kufundishwa na sisi. Walio ng'ambo waliwahi kupiga simu majumbani, namba hadi namba, wakiwaomba watu wabaki ndani Ijumaa jioni kama ishara ya kupinga. Utamkamata nani kwa kukaa kwake? Muulizeni rafiki yenu anasikiliza nani na anamwamini nani, kabla hamjambunia kampeni.

Jambo jingine: msidhani Kisumu ni salama kwa sababu ni kwetu. Julai 2024 wanachama 36 wa FDC, chama cha upinzani cha Uganda, walikamatwa hapo hapo Kisumu, wakavushwa mpaka na kufunguliwa mashtaka ya ugaidi. Karatasi za ukimbizi za rafiki yenu zikiwa hazijakamilika, hizo ndizo kampeni yenu ya kwanza.

Na ile picha uliyoweka kwenye swali, ya kakake akiwa na sare na kibao cha kambi kinasomeka nyuma, mwombe msimamizi aiondoe usiku huu. Majina nitumie faraghani, si hapa.