Re: Bismarck au Königsberg, na kwa skeli ipi?

Salaam, ndugu. Nimeelewa kwamba rafu yako ina urefu wa sentimita 60, na kwamba umekwama uunde modeli ya ipi kati ya manowari hizo mbili za Kijerumani.

Anza na futi kamba kabla ya kutazama bei. Bismarck ilikuwa na urefu wa mita 251 hivi, kwa hiyo kwa skeli ya 1/350, yaani modeli ndogo mara 350 kuliko meli halisi, utapata modeli ya karibu sentimita 72, ambayo haitaingia. Kwa 1/700 itakuwa sentimita 36, na itaenea vizuri. Königsberg ilikuwa na mita 115 tu, hivyo hata kwa 1/350 itachukua sentimita 33.

Mimi ningechagua Königsberg kwa 1/350, ikiwa utaipata seti yake ya vipande vya kuunganisha, kwani meli kubwa kubwa ndizo zinazojaa madukani. Modeli yangu ya kwanza ilikuwa ya 1/700, na vyuma vya ukingo wa sitaha, vyembamba kuliko unywele, viliniponyoka kwenye kibano hadi nikaiacha meli bila ukingo. Isitoshe, dohani tatu na mizinga kumi ya Königsberg ni kazi inayomalizika, na meli yenyewe, iliyoizamisha manowari ya Kiingereza HMS Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914 kisha ikaishia katika delta ya Rufiji mwaka 1915, haihitaji kuelezwa sana kwa wageni wa sebuleni.

Kuhusu modeli za mbao ulizozitaja mwishoni mwa ujumbe wako, sijawahi kuunda hata moja, kwa hiyo nawaachia wenye uzoefu.