Mchezo wa kuvua samaki na watoto wa shule ya Jumapili

Wapendwa, walimu wenzangu wawili watatu wameniuliza kuhusu ule mchezo wa samaki tunaocheza na watoto kanisani kwetu hapa Uyole, Mbeya, kwaiyo nimeona niandike kabisa, na nianze na pale nilipokosea mana ndipo nilipojifunza.

Mara ya kwanza nilikata samaki wa maboksi ya biskuti, kila samaki nikambandika kizibo cha soda kilichogongwa kikawa bapa, nikatoa sumaku kwenye spika ya redio mbovu nikaifunga kwenye kitambaa halafu kwenye kamba na kijiti cha mwanzi, basi ndoano hiyo. Nikasimulia Luka 5, Petro amekesha usiku kucha hajapata kitu, Yesu anamwambia ashushe nyavu. Watoto wakavua wakafurahi kweli. Sasa kuna mmoja wa kama miaka sita, kwao Kyela, ziwa analijua, akaniuliza "Ticha, si umesema Petro alikuwa na nyavu? Mbona sisi tuna ndoano?"

Sikuwa na jibu. Nimelala nalo lile swali siku mbili, yani mtoto mdogo maneno yangu anayasahau akifika getini lakini kile mikono yake ilichofanya anaenda nacho nyumbani, na kama mkono umevuta samaki mmoja mmoja taratibu basi habari ya nyavu zinazotaka kukatika kwa wingi wa samaki haijamfikia. Tangu hapo kabla sijashika mkasi najiuliza kwanza, kwenye hii hadithi watu walifanya nini kwa mikono yao?

Kwaiyo nikatafuta nyavu. Ile mifuko ya neti ya vitunguu, akina mama sokoni wanakupa tu ukiomba vizuri. Pasua ubavu mmoja, unganisha mitatu minne kwa uzi wa kushonea, watoto wanne wanashika pembe. Samaki wamwage kwenye kanga ya bluu sakafuni. Kwa Yohana 21, pale Yesu anapowaambia wanafunzi watupe wavu upande wa kulia, tunafanya hivi, wanatupa upande wa kushoto, hapo hakuna samaki, wanavuta wavu mtupu, wananyamaza kidogo, halafu nasema kulia! Kelele zake utazisikia mpaka barabarani.

Yohana anataja idadi ya samaki, 153, na anasema jarife, yani ule wavu mkubwa, halikupasuka. Watoto wangu walikuwa 24, nikasema kila mmoja apake rangi samaki sita, tukahesabu tukapata 144, wamepungua tisa, wakagoma kucheza mpaka wale tisa wapatikane. Watoto wa chekechea hawafiki mia kwa kuhesabu, wewe wawekee mafungu ya kumi kumi, yanatoka 15 na watatu wanabaki. Ila usitake kumaliza siku moja, sisi tulitumia Jumapili tatu na haikuharibika kitu.

Mambo madogo madogo. Samaki wakate wewe nyumbani, ukubwa wa kiganja chako, mana mikasi miwili kwa watoto 24 ni ugomvi tu. Gundi ya uji wa ngano ni nzuri lakini Juni na Julai baridi letu hili haikauki, nilibandika Jumamosi jioni Jumapili vizibo vikadondoka vyote, siku hizi naviweka katikati ya karatasi mbili nashona pembeni. Na sumaku, tafadhalini sana, iwe moja kubwa ya spika na ukae nayo wewe. Zile ndogo ndogo za kwenye earphone msizilete kabisa, mtoto akimeza mbili zinavutana tumboni na kubana utumbo, hiyo ni hospitali moja kwa moja.

Kile kijiti cha mwanzi sikukitupa. Baadaye nikasoma Mathayo 17 mstari wa 27, Yesu anamtuma huyo huyo Petro baharini na ndoano, samaki wa kwanza atakayemvua afumbue mdomo wake atakuta shekeli ya kulipa kodi ya hekalu. Ndoano yangu ikapata hadithi yake! Hapo samaki mmoja tu anatosha, mshone mdomo uwe kama mfuko, ndani weka kizibo ulichokipaka rangi ya fedha, muite yule mtoto aliyeuliza awe wa kwanza kuvua, na usimwambie kuna nini ndani, mwache afumbue mwenyewe.