Nilijivunia Kwamba Silewi

Juma lililopita msomaji mmoja wa Mbagala aliniandikia: "Kaka, nakunywa kila siku lakini silewi. Je, nina tatizo?" Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa kuwa hayo ndiyo maneno niliyojivunia miaka mingi katika baa za Tabata, ambako wenzangu walinibandika jina la Tanki. Ndugu yangu, mwili unaodai chupa nane ili upate kile ulichokipata zamani kwa chupa mbili haujawa imara. Umezoea, na mazoea hayo ni dalili.

Yangu ilijianika mwaka 2017. Serikali ilipopiga marufuku pombe ya viroba, ile pombe kali ya vifuko vidogo vya plastiki, kuanzia Machi 1, wenzangu walinung'unika siku mbili wakahamia kwenye chupa, lakini mimi nilinunua maboksi mawili nikayafukia ndani ya gunia la mkaa, nikamwambia mke wangu kwamba mkaa ule ulikuwa mbichi, asiuguse. Kila alfajiri nilizimua kwa kiroba kimoja, nikasubiri mikono itulie, ndipo nikaweza kufunga vifungo vya shati na kuwahi daladala. Ulevi sikuuita ulevi, niliuita dawa.

Katika kikao cha harusi ya mdogo wetu, kaka yangu alimkabidhi mtu mwingine uweka hazina bila kunieleza neno. Linaniuma hadi leo, ingawa, kusema kweli, michango ile ningeinywa.

Kwa hiyo usihesabu chupa tu. Jiulize kama unaficha, kama unazimua asubuhi, kama umejaribu kupunguza ukashindwa, na kama unakuwa mkali unapoulizwa. Vijana, acheni kufanya pombe kipimo cha uanaume!

Hata hivyo, mtu aliyefikia hatua ya kutetemeka asiache ghafla akiwa peke yake. Mimi niliacha kibabe, na siku ya pili nikaanguka kwa degedege sebuleni, mbele ya wanangu. Ubongo uliozoea kutulizwa na pombe huchachamaa inapokatwa ghafla, na hali hiyo inaweza kuua. Nenda hospitali, Muhimbili wana idara ya magonjwa ya akili, na neno hilo lisikutishe. Ukifika, mtajie daktari idadi ya kweli. Mimi nilimtajia wangu nusu, naye akaitazama mikono yangu, kisha akaandika mara mbili yake.