Nimekuta watu uchi bustanini Munich: je, sheria inawaruhusu?

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi ni kijana wa Tanga, nina miezi mitano hapa Munich nasomea uuguzi. Jumamosi iliyopita nilipita Englischer Garten nikakuta watu wazima, wake kwa waume, wamejilaza kwenye majani bila hata uzi mwilini, na polisi wanapita zao kana kwamba hawaoni. Nilishtuka, nikarekodi video fupi nikaitupia kwenye grupu la familia la WhatsApp. Sasa wenzangu wa kazini wananialika sauna, na wanasema huko nako watu huingia uchi. Je, mambo haya ni halali? Nami nikivua, nikakamatwa, kibali changu cha kuishi kitakuwaje? Na nikikataa mwaliko?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza kuhusu miili ya watu, lakini kilichonitia wasiwasi katika barua yako ni ile video. Niruhusu nianze hapo.

Ujerumani ina sheria ya tangu mwaka 1907 inayompa kila mtu mamlaka juu ya picha yake. Kusambaza picha ya mtu anayetambulika bila ridhaa yake ni kosa linaloweza kuadhibiwa kwa faini au kifungo kisichozidi mwaka mmoja. Yule mama aliyelala majanini amekubali kuonwa na wapita njia wa siku ile. Hakukubali kuonwa na shangazi zako Tanga, wala na yeyote watakayemtumia. Kesi ya aina hii huanza pale tu mwenye picha anapolalamika, kwa hiyo huenda usisikie lolote. Hata hivyo, ifute leo, na uwaombe ndugu zako nao waifute na wasiipeleke kwingine. Ikitokea polisi wamekuandikia, usijieleze kwa mdomo wala kwa maandishi kabla hujaonana na wakili. Haki ya kunyamaza unayo hata ukiwa mgeni.

Ndani ya bafu au chumba cha kubadilishia nguo mambo ni mazito zaidi. Kifungu cha 201a cha Kanuni ya Adhabu kinalinda vyumba vilivyofichwa ili watu wasione ndani. Huko kosa ni kule kupiga picha kwenyewe, hata usipomtumia mtu, na adhabu yaweza kufika miaka miwili. Tena kifungu kinataja pia kurusha picha. Maana yake ni kwamba ukipokea simu ya video kutoka nyumbani huku mwenzako anavua nguo nyuma yako, unaweza kuingia hatiani bila kuhifadhi chochote kwenye simu. Nalisisitiza hili kwa sababu sisi watu wa ughaibuni tunaishi kwa simu za video, na kijana anaipokea bila kuwaza yuko wapi.

Sasa nirudi kwenye swali lako. Hakuna kifungu cha jinai Ujerumani kinachosema kuwa uchi, kwa maana ya uchi tu, ni kosa. Kifungu cha 183 kinamwadhibu mwanamume anayemuudhi mtu mwingine kwa kumwonyesha utupu wake kwa ajili ya ashiki. Ndiyo, kinataja wanaume peke yao. Kifungu cha 183a kinahusu vitendo vya ngono hadharani, vinavyofanywa kwa kukusudia au kwa kujua kwamba vitawaudhi watu. Katika vifungu vyote viwili mahakama inatazama tendo na nia yake. Kuota jua, kuogelea au kubadilisha nguo nyuma ya taulo hakumo.

Usielewe kwamba unaweza kutembea uchi popote. Iko sheria nyingine, ya makosa madogo yasiyo ya jinai, na kifungu chake cha 118 kinakataza tabia chafu iliyopita kiasi inayoweza kuubughudhi umma. Faini yake ni kati ya euro 5 na euro 1,000. Kwa kifungu hiki, mahali ulipo ndipo panapobadilisha kila kitu. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa ya Karlsruhe ilimhukumu kwa kifungu hichohicho mtu aliyekuwa akikimbia mazoezi uchi mjini. Angelala vile vile ufukweni kwenye kibao cha FKK, hakuna ambaye angemgusa.

Herufi hizo utazikuta kwenye vibao vingi. Ni kifupi cha Freikörperkultur, utamaduni wa mwili huru, ambao ulianza zaidi ya miaka mia moja iliyopita kama harakati ya afya: jua, hewa, mazoezi, kuukimbia moshi wa viwanda. Utawala wa Hitler ulipoingia mwaka 1933 uliupiga vita haraka. Baadaye Ujerumani Mashariki ilijaribu kuuzuia kwenye fukwe za Baltiki katika miaka ya 1950, ikashindwa, na mwishowe ukawa mapumziko ya kawaida ya familia nzima. Kwa hiyo unaowaona bustanini si walevi wala wahuni. Wengi ni wazee waliolelewa hivyo.

Munich yenyewe ilitenga maeneo sita ya FKK mwaka 2014. Schönfeldwiese, ndani ya Englischer Garten, ni mojawapo, na ndiyo maana polisi walipita bila kusimama. Nje ya maeneo hayo, ukiwa unaoga au kuota jua, lazima uvae. Mwaka 2019 walinzi waliwaamuru wanawake waliokuwa kifua wazi kando ya mto Isar wajifunike, malalamiko yakawa makubwa, na baraza la jiji likafafanua kanuni: kinachotakiwa kufunikwa ni sehemu za siri, kifua cha mwanamke si lazima.

Kuhusu sauna. Katika sauna nyingi za Kijerumani kuvaa chupi ya kuogelea ndani ya chumba cha joto hakuruhusiwi, kwa sababu ya usafi, na wanaume na wanawake huketi pamoja. Hiyo ni kanuni ya mwenye sauna, ambaye anaweza kukutoa ukiikaidi. Lakini hakuna sheria wala mwajiri anayeweza kukulazimisha uende. Ikiwa dini yako au malezi yako ya stara hayakuruhusu, sema tu, "Asanteni, mimi huwa sivui mbele ya watu." Wajerumani wanaheshimu jibu la wazi kuliko visingizio. Baadhi ya sauna zina siku za kuingia na nguo, na nyingi zina siku ya wanawake peke yao. Uliza mapokezi kabla ya kulipa.

Na kibali chako: faini ya kifungu cha 118 si hukumu ya jinai na haiandikwi kwenye daftari la taifa la hukumu. Hukumu ya jinai ni jambo jingine. Ofisi ya wageni inaweza kuipima unapoomba kuongezewa kibali, na utaulizwa tena siku ukiomba uraia. Sasa linganisha mwenyewe. Kwa kulala uchi Schönfeldwiese hupati hata faini. Kwa video moja ya chumba cha kubadilishia nguo unaweza kufikishwa mbele ya hakimu. Katika miaka yangu ya kazi hii, wageni walionijia wakilia karibu wote walikuwa wamevaa vizuri, simu mkononi.

Ukiamua kwenda sauna, chukua mataulo mawili, moja la kukalia ili jasho lako lisiguse mbao na jingine la kujifunga unapotembea. Simu iache kabatini, imezimwa.