Wapishi sio "cookers": maswali yenu ya kampani profaili

Safari hii nusu ya barua zilizoingia zinauliza kitu kilekile, kampani profaili, kile kijitabu cha kuitambulisha biashara yako kwa mteja. Nadhani ni ule mwaka wa fedha wa serikali unaoanza Julai, watu wanasaka tenda. Nimechukua nne, zingine mtajikuta humohumo. Nimezifupisha kidogo.

SWALI: Shikamoo. Nipo Kihonda, Morogoro, napikia semina na mikutano, chai ya saa nne na chakula cha mchana, harusi mara mojamoja. Juzi mradi mmoja wamenipigia wanasema wamesikia sifa zangu, nitume kampani profaili kabla ya Ijumaa. Nikaenda stesheni, duka la kuprinti na kuuza karatasi, kijana akaniambia elfu 80 ananitolea kurasa 20, akanionyesha sampuli, mapicha ya wazungu wamevaa suti wanapeana mikono na maghorofa ya vioo. Mi nina wasichana 6, masufuria na Noah ya kukodi. Jina la biashara nimesajili BRELA, wale wakala wa usajili wa biashara, TIN, namba ya mlipakodi, ninayo. Kiingereza ni kile cha form four na chenyewe kimeota kutu. Nifanyeje? – Mama Masufuria

JIBU: Marahaba dada yangu. Hiyo elfu 80 nunua mchele.

Anayesoma profaili yako ni afisa manunuzi, mezani ana profaili kumi na tano na bado hajala. Anatafuta vitu vitatu tu: huyu yupo kisheria? hii kazi anaiweza? alishaifanyia wapi? Akivipata kwenye kurasa 4 au 5 anakupenda bure, akivitafuta kwenye kurasa 20 katikati ya wazungu wa suti anakuweka pembeni anamchukua mwingine. Picha piga mwenyewe kwa simu, wasichana wako wamevaa aproni na kofia wanapakua, mchana, mwanga upo, jiko limesafishwa. Picha hiyo moja inatosha kuliko yale maghorofa, maana mtu anaona hawa watu wapo kweli.

Sasa Kiingereza. Umenitumia sampuli ya yule kijana, inaanza hivi: "We are a leading world class company dealing with provision of quality catering services to our esteemed customers." Soma tena polepole uniambie umejua nini. Mji haumo, idadi ya watu unaoweza kuwalisha haimo, ulianza lini haimo, na hiyo "world class" na Noah ya kukodi wapi na wapi. Afu "dealing with" ndo ugonjwa wetu mkubwa Afrika Mashariki, kila profaili "we deal with". Ukisema mtu "deals with" kitu, mara nyingi ni tatizo analishughulikia, kama polisi na wezi. Wewe unapika, sema "we cook" au "we cater for". Anayeuza bidhaa aseme "we sell" au "we supply", yakishindikana kabisa "we deal in".

Yako ningeianza hivi: "We cater for meetings and workshops in Morogoro. We started in 2018. Our team of seven can serve up to 150 people a day, with tea at 10 a.m. and lunch at 1 p.m." Mwaka na idadi weka vya kwako. Sentensi tatu, form four inatosha kabisa, na afisa ameshajua kama unafaa ile semina yake ya watu 80.

Hapo umeona nimeandika 10 a.m. Nimefanya makusudi maana hapa ndo tunapozama. Chai yetu ya saa nne kwa Kiingereza ni ya saa kumi, "10 a.m.", na chakula cha saa saba ni "1 p.m.". Nimewahi kuona profoma, ile ankara ya makadirio ya bei, ya mpishi imeandikwa "tea served at 4 a.m.", yaani chai saa kumi alfajiri, majogoo yenyewe bado. Kwa hiyo saa zote zigeuze, toa sita au jumlisha sita, afu mpe mtu mwingine azihakiki.

La pili, na hili naomba ulibandike ukutani. Mpishi ni "cook". "Cooker" ni jiko. Ukiandika "we have six experienced cookers" umewaambia una majiko sita yenye uzoefu. Najua kichwani inakuja yenyewe, "teach" inatoa "teacher" na "drive" inatoa "driver", lakini hii imekataa. Na "chef" usimwite kila mtu, mwenye cheti cha upishi kutoka VETA au chuo mwite "chef" kama kweli ndo anaongoza jiko, wengine "cooks", wanaopakua "serving staff".

Baada ya hapo weka jedwali la kazi ulizofanya, nani, mwezi na mwaka, watu wangapi, siku ngapi. Usiogope kwamba ni kazi ndogo ndogo, semina ya watu 30 kwa siku 3 iliyolipwa na kuisha salama ni kazi. Chini yake weka wateja wawili wa kupigiwa simu, Kiingereza wanaita "references", ila waombe ruhusa kwanza, asije akapigiwa mtu yupo msibani anasema hakujui. Bei kama wameiomba iweke karatasi tofauti maana bei inabadilika na mafuta ya kula yenyewe mnayaona, na hapo utatumia "price per head", ambayo kwa bahati nzuri ni vilevile tunavyosema sisi, bei kwa kichwa. Hela ya kuanzia kununulia vitu ni "advance payment".

Mwisho viambatisho: cheti cha BRELA, TIN, leseni ya biashara ya halmashauri, ile ya TRA ya kuonyesha hudaiwi kodi, "tax clearance certificate", na kwa nyie wa chakula vyeti vya kupimwa afya vya wasichana wote 6. Hivyo vya afya wapishi wengi wanavisahau, wewe ukiviweka bila kuombwa umewapita.

SWALI: Mkuu habari. Mi ni kijana wa Mbeya, nafunga kamera za CCTV na sola. Nimeandika profaili mwenyewe, cover inasema Company Limited, ndani "Board of Directors" nimejiweka mimi kama Founder, CEO na Managing Director. Nilichosajili ni jina la biashara. Jamaa yangu ananiambia nitafungwa, mi naona ananionea wivu. Kuna shida? – Fundi Kamera

JIBU: Mdogo wangu, jamaa yako sio wivu. Kufungwa sijui, ila tenda utazikosa, na ukizikosa hawatakuambia sababu.

"Limited" sio pambo. Maana yake dhima, yaani wajibu wa kulipa madeni, ina ukomo, kampuni ni mtu anayejitegemea kisheria, ikidaiwa inadaiwa yenyewe na mwanahisa anaumia kwa kiasi cha hisa zake. Jina la biashara halina hayo, hapo biashara ni wewe na wewe ndo biashara, deni likija linakuja mpaka kwenye sofa lako. BRELA wanatoa vyote viwili lakini kwa sheria mbili tofauti, kampuni ni Sura 212, majina ya biashara ni Sura 213, na vyeti havifanani. Kampuni inapata "Certificate of Incorporation" na ina ile katiba yake watu wanaita MEMART, yaani "Memorandum and Articles of Association". Jina la biashara linapata "Certificate of Registration". Sasa profaili yako inasema "incorporated in 2021", afisa anafunua nyuma anakuta "Certificate of Registration", hapohapo kichwani mwake wewe ni muongo, na mtu muongo wa karatasi atamwamini vipi amfungie kamera za ofisi?

Andika "registered in 2021", ni kweli na inapendeza. Kama ulianza mtaani kabla ya kusajili una neno lake, "established in 2018, registered in 2021", yaani nilianza 2018 nikasajili 2021. Wewe ni "proprietor", au andika tu "owner and lead technician". Hizo CEO tatu kwa mtu mmoja zinachekesha bwana, na bodi ya mtu mmoja inakaa wapi kikao. Kukiwa na fundi mwenzio na kijana wa kubeba ngazi, andika "a team of three". Ukitaka "Ltd" kweli, kasajili kampuni, mambo siku hizi ni mtandaoni, ukimaliza ndo ubadilishe cover.

Na unavyowinda tenda za serikali, jua kwamba tangu 2023 zinapita kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni wa manunuzi ya serikali, uliochukua nafasi ya ule wa zamani, TANePS. Kule unajisajili na taarifa zako zinatakiwa zifanane na cheti herufi kwa herufi, kwa hiyo jina la kwenye cover, la kwenye cheti na la kwenye mfumo liwe moja. Vilevile kuna asilimia 30 ya manunuzi inayotengwa kwa makundi maalumu, vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu, ulizia kwa maendeleo ya jamii halmashauri yenu namna ya kikundi kuingia humo.

Halafu ukurasa wa 2 umeandika "dully registered". Hapo pole, na mimi nilishapita. Profaili yangu ya kwanza niliprinti nakala 20 za rangi, kila moja inasema "dully registered", nikazigawa na tabasamu, hadi mteja mmoja mama mtu mzima akanivuta pembeni akaniambia mwanangu hili neno maana yake umesajiliwa ukiwa umepooza. Linalotakiwa ni "duly", L moja, yaani kama inavyotakiwa kisheria. Kompyuta haikuwekea ule mstari mwekundu kwa sababu "dully" nalo ni neno halali, ndo maana limeenea hivi. Nakala 17 zilizobaki watoto walichorea magari.

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni sekretari kwenye ofisi ya usafirishaji Arusha. Kuna fomu bosi kanipa ina "annual turnover" na chini "staff turnover". Nimejaza ya kwanza milioni 18, faida ya mwaka jana, ya pili sijaelewa, nimeandika 11 ambao ndo wafanyakazi tulionao. Pia bosi anataka "vision" na "mission", kasema nikopi kwa kampuni nyingine. – Sekretari

JIBU: Dada, kama hujaituma shukuru Mungu.

"Annual turnover" ni mauzo yote ya mwaka kabla hujatoa mafuta, matairi, mishahara wala kodi. Faida ni "profit", ikitolewa gharama za moja kwa moja tu ni "gross profit", ikitolewa kila kitu ni "net profit". Kwa hiyo kama gari ziliingiza milioni 240 na mkabaki na 18, turnover ni 240. Ukiandika 18 wanawaona bajaji. Na wakubwa wanalinganisha hiyo namba na hesabu mlizopeleka TRA, kwa hiyo mwambie mhasibu aitoe yeye, sio bosi kwa kukumbuka.

"Staff turnover" ni ndugu wa jina tu, ni wafanyakazi wangapi wameondoka na kubadilishwa ndani ya mwaka. Mkiwa 11 na wameacha 2 mkaajiri wengine, ni karibu asilimia 18. Ukiandika 11 kati ya 11 umesema ofisi nzima imekimbia.

"Vision" ni dira, mnataka mfike wapi. "Mission" ni dhima, mnafanya nini kila siku ili mfike. Kukopi mwambie bosi kwa adabu hapana, nimeshaona profaili ya mtu ukurasa wa 7 limebaki jina la kampuni waliyoiibia. Mkae dakika kumi umuulize kwa Kiswahili, bosi tunabeba nini, kutoka wapi kwenda wapi, mteja anatusifia nini. Akikujibu mzigo haulali njiani, basi mission unayo: "We move cargo between Arusha and Dar es Salaam and deliver it on the agreed day." Iwe kweli lakini.

SWALI: Mi ndo hao vijana wa stesheni mnaowasema. Nipo Kigoma, watu wanakuja niwatengenezee profaili kila wiki, nipe makosa ya kuangalia nisiwaharibie. – Stesheni

JIBU: Safi sana kaka, wewe ukinyooka umenyoosha mji mzima. "Staffs" futa, andika "staff" au "12 employees". "Equipments", "informations", "furnitures" na "advices" zote toa hiyo S, Kiingereza hakizihesabu hizo, sisi ndo tunazihesabu maana Kiswahili vifaa ni vingi. "Headquarter" ongeza S, hiyo yenyewe inaitaka. "Cooperate" ni kushirikiana, mambo ya kampuni ni "corporate". "Principle" ni kanuni, "principal" ni mkuu. Kampuni tanzu ni "subsidiary", tawi ni "branch", mteja mwenye fremu mbili hana subsidiary, ana branch. Faili litoe PDF lenye jina la kampuni, sio "profile final final 2", na namba ya simu uipige kabla hujaprinti.

Halafu bango lako. Kwenye picha uliyotuma limeandikwa STATIONARY, na hilo ni kitu kilichosimama hakisogei, kama gari bovu. Duka la karatasi ni STATIONERY. Ni herufi moja tu, A ya pili iwe E, fundi wa rangi anaimaliza kabla ya chai.