Wote wanafunzi, msaada wa kodi ya nyumba tutapata?

SWALI: Dada, mimi na mume wangu tunasoma chuo huku Marekani, tuna grini kadi na mtoto mmoja, hela ya vibarua haitoshi kodi. Nimeskia wanafunzi hawapewi vocha ya Section 8, ule msaada wa serikali wa kulipia kodi ya nyumba, ni kweli?

JIBU: Mdogo wangu, umeskia nusu tu. Wanaobanwa ni wanafunzi wa chini ya miaka 24, hawana ndoa wala mtoto, hao mara nyingi wanaangaliwa mpaka kipato cha wazazi wao, sasa nyie mna ndoa na mtoto juu, hiyo haiwahusu. Mngekuwa na viza ya mwanafunzi hapo ingekuwa hadithi nyingine, ila grini kadi haina shida. Kinachopimwa ni kipato cha nyumba nzima, kwa kawaida kisizidi nusu ya kipato cha kati cha eneo lenu (yaani kile ambacho nusu ya familia wanapata zaidi yake na nusu chini yake), na mkipata mnalipa kama asilimia 30 ya kipato serikali inamalizia. Kazi iko kwenye foleni sasa, watu wanasubiri miaka jamani, kwa hiyo ombeni kwenye ofisi za nyumba zinazotoa hizo vocha, zaidi ya moja, na mkihama wapeni anwani mpya maana wakituma barua msijibu wanawafuta.