Seli Hufa Kila Siku, Mbona Mwili Hauvimbi?

SWALI: Ninafanya kazi ya kupaa samaki katika soko la Mwaloni, Kirumba. Mwiba wa pezi la sangara ukinichoma, kidole huvimba na kupwita kabla ya jua kuzama. Mwanangu anayesoma biolojia ananiambia kwamba mabilioni ya seli hufa mwilini kila siku. Kama ndivyo, mbona mwili mzima hauvimbi?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, mwanao amesema kweli. Seli za kinga haziangalii tu kwamba seli imekufa, bali huchunguza imekufaje.

Seli iliyomaliza muda wake hufa kwa utaratibu uitwao apoptosisi, jina lililotolewa mwaka 1972. Utando wake haupasuki; ila mafuta yaitwayo fosfatidilserini, ambayo kwa kawaida hukaa upande wa ndani wa utando, hutokeza nje, na makrofaji, yaani seli mlaji, huyatambua kwa vipokezi vyake na kuimeza seli hiyo kabla haijavuja. Linalonivutia zaidi ni kwamba kipokezi kimojawapo, MerTK, hakiishii kwenye kumeza: huamuru makrofaji itengeneze protini za SOCS, ambazo hupunguza nguvu ya vipokezi vinavyochochea uvimbe, huku makrofaji hiyohiyo ikitoa kemikali za kutuliza kama TGF-beta. Ni mazishi yasiyo na matanga.

Mwiba haungoji utaratibu huo. Seli hupasuliwa na vilivyomo humwagika, ikiwemo ATP, ambayo hubeba nishati, na HMGB1, protini ambayo kazi yake ya kawaida ni kushikamana na DNA ndani ya kiini. Zikiwa nje, ATP hushika kipokezi P2X7, na HMGB1 hushika TLR4, kipokezi kilekile kinachotambua sumu ya ukuta wa baadhi ya bakteria. Makrofaji hujibu kama inavyojibu maradhi, damu huongezeka mahali hapo, na kidole kinapwita. Wenye selimundu, ugonjwa unaoonekana sana huku Kanda ya Ziwa, hupatwa na jambo la jamaa hiyo, kwa kuwa himu, yaani sehemu yenye chuma inayoipa damu wekundu, ikitoka katika seli nyekundu zilizopasuka nayo huamsha TLR4.

Kwa kuwa mwiba wa samaki huweza kuingiza bakteria pia, na ishara za pande zote mbili hukutana kwenye TLR4, kuvimba peke yake hakutakuambia chanzo ni kipi. Osha jeraha mara moja kwa maji safi na sabuni, ulizia chanjo ya pepopunda katika kituo cha afya, na wekundu ukianza kupanda mkononi au homa ikikushika, nenda ukatibiwe siku hiyohiyo.